Kichwa cha Lethi Hakina Hatia Mpaka Kipimwe

Ugomvi huu haukosi katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam, wala katika zile za Kariobangi Light Industries jijini Nairobi. Mteja amerudi na kishafti kifupi cha pampu, uso umekunjamana. Beringi, anasema, iliingia kwa kupigwapigwa na nyundo, na ilipofika ndani ikaanza kucheza. Mwenye karakana anamtazama fundi. Fundi anaitazama mashine: imechoka, bosi, hii ni ya tangu enzi za mkoloni. Hapo anajitokeza wa tatu, mjuzi wa kila kitu, asiyeuliza swali hata moja. Anachukua spana na kwenda moja kwa moja kwenye bolti za kichwa.

Huyu wa tatu ndiye wa kuogopwa. Mteja anadai haki yake na fundi anatetea ugali wake, lakini mwenye spana anakwenda kuharibu kitu ambacho pengine ndicho pekee kilichokuwa kizima.

Kwa asiyewahi kusimama mbele ya lethi, mashine hii ya kukereza vyuma ina kitanda kirefu cha chuma cha kalibu chenye reli zilizonyooshwa kwa ustadi mkubwa. Upande wa kushoto kuna kichwa, lile boksi zito lenye gia na spindo ndani yake. Spindo hubeba chaki, na taya za chaki hushika kazi na kuizungusha. Kisu hakizunguki, kinateleza juu ya reli kutoka kulia kwenda kushoto kikimenya chuma. Ikiwa mhimili wa spindo na njia ya kisu vinakwenda sambamba, kinachotoka ni mviringo wenye kipenyo kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Visipokwenda sambamba, kazi hutoka imechongoka, nene huku na nyembamba kule, hata kama fundi amesimama pale tangu alfajiri na mkono wake hautetemeki.

Uchongokaji wenyewe hauonekani kwa macho. Beringi namba 6308, ambayo ni ya kawaida kwenye pampu na mashine za kusaga, ina tundu la milimita 40 na upana wa milimita 23. Kipimo ambacho wahandisi hukitumia mara nyingi kwa shafti yake, kinachoandikwa k6, kinataka shafti iwe kati ya milimita 40.002 na 40.018. Nafasi yote aliyoachiwa fundi ni milimita 0.016, na unywele mmoja wa kichwani una unene unaozidi hapo mara kadhaa. Sasa chukua lethi inayochongoa kipenyo kwa milimita 0.10 katika kila urefu wa milimita 100. Ndani ya ule upana wa beringi peke yake, kipenyo kitakuwa kimebadilika kwa milimita 0.023. Hakuna mkono wa fundi utakaoiweka shafti hiyo ndani ya kipimo. Akiipata mwanzoni, ataikosa mwishoni.

Kwa hiyo mteja ana haki ya kulalamika, na fundi naye huenda anasema kweli. Kinachokosekana katika ugomvi wote huo ni ushahidi. Watu wanaohukumu kazi ya milimita 0.016 wanahukumu kwa kauli, kwa umri wa mashine na kwa nani ana sauti kubwa. Tabia hiyo haiishii kwenye karakana za mtaani. Inapanda hadi kwenye ofisi zinazonunua mashine kwa fedha za umma, ambako lethi iliyokosa kupimwa huandikwa "chakavu", ikaburutwa uani, na nyingine mpya ikaagizwa ng'ambo ili nayo ifungwe bila kupimwa.

Kupima kwenyewe si elimu ya siri. Mjerumani Georg Schlesinger, aliyekuwa profesa wa mitambo ya karakana mjini Berlin tangu 1904, alichapisha mwaka 1927 kitabu cha majaribio kilichoorodhesha, mashine kwa mashine, nini kipimwe, kwa kifaa gani, na kosa la kiasi gani livumiliwe. Wanazi walimtia ndani mwaka 1933 kwa kuwa alikuwa Myahudi. Alipotoka alikimbia nchi, na hatimaye akafika Uingereza, alikoendelea na utafiti wake kabla ya kufariki mwaka 1949. Majaribio yake ndiyo mzazi wa kanuni za kimataifa zinazotumika leo. Kwa lethi za kawaida kanuni hiyo ni ISO 1708. Humo, mhimili wa spindo unaruhusiwa kupotoka kiasi cha milimita 0.02 hivi katika urefu wa milimita 300.

Jambo la kuvutia katika kanuni hizo ni kwamba kosa haliruhusiwi kwenda popote linapotaka. Upande wa wima, ncha ya mbali ya mhimili inaruhusiwa kuinuka, si kuinama, kwa sababu uzito wa kazi utaivuta chini. Upande wa mlalo inaruhusiwa kumwelekea fundi, kulikokaa kisu, si kumpa mgongo, kwa sababu kisu kinapokata husukuma kazi nyuma. Waliotunga walijua kwamba mashine itafanya kazi ya jasho na haitakaa kwenye maonyesho, wakaielekeza dosari mahali ambapo kazi yenyewe itaipunguza.

Pande hizo mbili, hata hivyo, hazina uzito sawa, na hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima bure. Chukua shafti ya kipenyo cha milimita 40, yenye nusu kipenyo cha milimita 20. Mhimili ukipanda juu kwa milimita 0.1 kuliko ncha ya kisu, nusu kipenyo kinakuwa milimita 20.00025. Badiliko hilo hata maikromita ya karakana hailioni. Mhimili huohuo ukisogea kando kwa milimita 0.1 ile ile, nusu kipenyo kinabadilika kwa milimita 0.1 kamili na kipenyo kwa 0.2. Anayehangaika kutia vibati chini ya kichwa ili kukiinua au kukishusha, na hajapima kimeelekea wapi kwa kando, anatibu sikio la mgonjwa wa tumbo.

Lakini hata kando nako, kichwa ni mtuhumiwa wa mwisho. Wa kwanza ni sakafu.

Lethi hukaa juu ya miguu, na miguu hukaa juu ya zege. Zege likititia kona moja, au bolti moja ya chini ikikazwa kuliko wenzake, kitanda cha chuma kizito namna ile hujipinda kidogo kutoka ncha moja hadi nyingine. Kikijipinda, reli humwinamisha mbeba kisu kadiri anavyosafiri, na ncha ya kisu husogea kando. Ikiwa ncha hiyo iko milimita 200 juu ya reli, msokoto wa milimita 0.1 kwa mita unatosha kuisogeza kando kwa milimita 0.02, na kipenyo kikabadilika kwa 0.04. Dalili zake kwenye kazi zinafanana na zile za kichwa kilichopinda. Mwenye spana haraka atalegeza kichwa, akipindishe kifuatane na kitanda kilichojisokota, na kuanzia siku hiyo mashine itakuwa na makosa mawili yanayofichana.

Msokoto hupimwa kwa pima maji, lakini si ile ya waashi. Pima maji nzuri ya mwashi ina usahihi wa karibu nusu milimita kwa mita. Ya fundi mitambo huonyesha milimita 0.02 kwa mita, yaani ni kali mara 25 zaidi. Huwekwa kukingama reli karibu na kichwa, ikasomwa, kisha ikahamishiwa upande wa kulia, kwenye telstoki inayoshikilia ncha ya nyuma ya kazi ndefu, na kusomwa tena. Masomo mawili yakilingana, kitanda hakijasokotwa. Si lazima povu likae katikati kabisa. Kinachotakiwa ni likae mahali palepale katika ncha zote mbili. Ndiyo maana meli huweza kuwa na lethi katika karakana yake na mafundi wakakereza huku chombo kikiyumba. Bahari haijali usawa, lakini kitanda kikiwa hakijajisokota, kazi hutoka nyoofu.

Baada ya sakafu huja watuhumiwa wadogo, na hao huchunguzwa upesi. Kisu butu husukuma kazi badala ya kuikata. Kazi nyembamba iliyotokeza mbali na chaki hukwepa kisu kwenye ncha, ikabaki nene huko. Na ikiwa kazi ilishikiliwa na telstoki kwa nyuma, basi telstoki iliyosogea kando huchongoa kazi hata kama kichwa kimenyooka kabisa. Shafti ndefu iliyokerezwa kati ya senta mbili, moja kwenye spindo na nyingine kwenye telstoki, haisemi lolote kuhusu mwelekeo wa kichwa. Wapo waliopindua mashine nzima kwa kosa la telstoki, ambalo hurekebishwa kwa skrubu mbili za pembeni.

Wakishaondolewa wote hao, ndipo kichwa kinapoitwa kujibu. Jaribio lake ni la chuma kimoja. Kipande cha mviringo cha milimita 40 au 50, kinene kisije kikakwepa kisu, hushikwa kwenye chaki peke yake bila telstoki, kikatokeza milimita 150 hivi au zaidi kidogo. Katikati humenywa kikawa chembamba, zikabaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Mashine huachwa izunguke nusu saa kwanza ili kichwa kipate joto lake la kazini, maana chuma cha kalibu hutanuka na kichwa cha moto si kilekile cha asubuhi. Kisha kisu kikali hupitishwa juu ya pete zote mbili kwa mkato mwepesi kabisa, bila kugusa mpini wa kina kati ya pete ya kwanza na ya pili. Maikromita husema yaliyobaki. Pete ya nje ikiwa nene, mhimili umempa fundi mgongo. Ikiwa nyembamba, umemwelekea. Tofauti ya vipenyo igawanywe kwa mbili, na hicho ndicho kiasi cha kupotoka katika urefu ule.

Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halidanganywi na chaki. Taya tatu za chaki ya kawaida haziishiki kazi katikati kamili, na fundi anayebandika geji ya saa kwenye fimbo iliyoshikwa na chaki huishia kupima kasoro za chaki akidhani anapima kichwa. Pete, kwa kuwa zimekerezwa pale pale, huzunguka juu ya mhimili wenyewe wa spindo. Anayetaka kutumia geji ya saa na fimbo anaweza, lakini asome kila mahali mara mbili, azungushe spindo nusu mzunguko kati ya masomo, kisha achukue wastani.

Na kwa mashine ya zamani kuna nyongeza ya thamani kubwa: pete ya tatu, katikati. Kichwa kilichopinda huchongoa kwa mstari ulionyooka, hivyo kipenyo cha pete ya katikati huwa wastani wa zile za pembeni. Isipokuwa hivyo, ikawa nene au nyembamba kupita wastani, tatizo ni reli zilizolika. Reli hulika zaidi karibu na chaki kwa sababu kazi nyingi ni fupi na hufanyiwa hapo miaka nenda rudi. Mashine ya namna hiyo haitaponywa kwa kugeuza kichwa. Inahitaji kunolewa reli upya, au kupewa kazi zisizodai usahihi mkubwa. Hilo nalo ni jibu la heshima. Lethi iliyolika inaweza kuendelea kukereza bushi za mikokoteni na pini za trela kwa miaka mingi.

Ikithibitika kwamba kichwa ndicho kilichosogea, mara nyingi kuna kisa nyuma yake: chaki iligonga kisu kwa nguvu, au mashine ilihamishwa kwa kufungwa kamba mahali pasipofaa. Marekebisho hutegemea ilivyoundwa. Baadhi ya vichwa hukaa juu ya uso bapa na vina skrubu za kusukuma kutoka pembeni. Hivi hulegezwa kidogo tu, kiasi cha kuruhusu kusogea, huku geji ya saa ikiwa imeegemezwa kwenye ubavu wa kichwa ionyeshe kila mikroni inayotembea. Bolti hukazwa kwa zamu na kwa hatua, kwa sababu kukaza peke yake hukisogeza kichwa tena, kisha pete hukatwa upya na kupimwa upya. Vingine hukaa juu ya reli zenye umbo la V, na hivyo havina nafasi ya kugeuzwa. Dawa yake ni kukwangua nyuso za chini kwa mkono, kazi ya fundi aliyebobea, au kuweka kibati chembamba huku kila mtu akikubali kwamba hicho ni kiraka. Anayelegeza kichwa cha aina hii akitumaini kukizungusha hatapata kitu zaidi ya kichwa kisichokaa tena kama kilivyokaa kiwandani. Kosa lake linafanana na la wale wanaoondoa kile kipande cha kitanda kinachoziba pengo ili kukereza puli pana, wakakirudisha bila kufuta vumbi la chuma, na kisikae sawa tena.

Yote haya yanahitaji kipande cha chuma, maikromita, geji ya saa, pima maji moja kali na muda usiofika siku. Ukilinganisha na bei ya lethi, ni fedha kidogo sana. Kwa nini basi hayafanyiki?

Sababu moja ni jinsi mashine zinavyonunuliwa. Lethi nyingi mpya hutoka kiwandani na karatasi ya vipimo ndani ya boksi, iliyojazwa namba na kugongwa muhuri. Ofisa wa ununuzi huiona karatasi hiyo, akaweka tiki. Lakini namba zile zilipimwa juu ya sakafu ya kiwanda, kabla ya kreni, kontena, bandari, lori na barabara ya vumbi. Hazisemi kitu kuhusu mashine ilivyo baada ya kutua juu ya zege la chuo wilayani. Mkataba ungepaswa kusema wazi kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya mashine kufungwa mahali pake, kuachwa izunguke, na pete kukatwa mbele ya mnunuzi. Sharti hilo halihitaji sheria mpya. ISO 1708 ipo, na mashirika ya viwango ya Tanzania na Kenya, TBS na KEBS, ni wanachama wa shirika lililoiandaa.

Atakayepinga atasema kwamba karakana ya mtaani haina anasa hiyo, kwamba mteja anasubiri nje na foleni ni ndefu. Hoja hiyo ina ukweli kwa siku moja, ila haina kwa mwaka. Shafti inayorudishwa hukerezwa mara mbili na kulipwa mara moja. Na fundi ambaye hajui mashine yake inachongoa kiasi gani hutumia saa nzima kwa kila kazi akijaribu na kusawazisha kwa msasa, ambao nao huharibu mviringo. Anayejua kwamba mashine yake inachongoa milimita 0.03 kwa kila 100 anaweza kuamua mapema kazi ipi aikubali na ipi aipeleke kwa jirani.

Wapo pia watakaosema ujuzi huu ni wa Ulaya na mashine za kompyuta zinakuja kuufuta. Mashine za kompyuta nazo zina kichwa, kitanda na sakafu, na programu iliyoandikwa vizuri haiwezi kunyoosha zege lililotitia. Wala ujuzi wenyewe si mgeni huku. Tanzania iliwahi kujenga kiwanda cha mitambo ya karakana, Kilimanjaro Machine Tools, wilayani Hai, na Kenya ikaunda Numerical Machining Complex jijini Nairobi kutoka kwenye mradi wa gari la Nyayo. Mafundi wa karakana za reli pwani na bara wamekuwa wakikereza magurudumu na shafti kwa zaidi ya karne.

Kilicho haba ni ile pima maji kali, kwa kuwa karakana ndogo huihitaji mara chache kwa mwaka na haioni sababu ya kuinunua. Hapa SIDO, shirika la Tanzania la kuhudumia viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye mitaa ya viwanda mikoani, lingeweza kuweka moja katika kila mtaa, pamoja na maikromita iliyohakikiwa, na kuikodisha kwa siku. Kifaa hicho kina faida ya kujichunguza chenyewe: huwekwa juu ya reli na kusomwa, kisha hugeuzwa ncha kwa ncha palepale na kusomwa tena. Povu likihama, ni pima maji yenyewe iliyopotoka, na kuna skrubu ndogo ya kuirekebisha. Aliyeikodi afanye hivyo kabla hajasaini daftari la kuichukua, na afanye tena mbele ya mtunza ghala siku ya kuirudisha.